Ari ya Masomo kwa Mwalimu Mtarajiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa ualimu: wale wanaosomea shahada Maseno, Kakamega, Bondo na Njoro, na wale wa diploma katika vyuo kama Eregi, Kaimosi na Asumbi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili iliyoko Kaunti ya Kisumu, na takriban kila mwaka idara yetu huwapokea wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Wengi wao huniuliza mambo yaleyale, mara nyingi jioni, baada ya wenzao kuondoka. Majibu hayana urefu sawa kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Ari ni nini hasa, na mbona yangu huja na kuondoka?

Watu wengi huchanganya ari na msisimko. Msisimko ni ile hali inayokujaa siku ya kufungua muhula, unaponunua madaftari mapya na kujiahidi kwamba hutakosa mhadhara hata mmoja. Hudumu wiki mbili, pengine tatu, kisha hufifia, na mwanafunzi hudhani kwamba kasoro iko kwake. Ari ni ile sababu inayokurudisha kwenye kazi hata siku ambayo huionei raha. Sababu hiyo huweza kudhoofika, lakini haipotei ovyo, na mtu anaweza kuchunguza kilichoidhoofisha.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwamba ari inayodumu hutegemea mahitaji matatu: mtu ahisi kwamba ana hiari katika jambo analolifanya, ahisi kwamba analiweza, na ahisi kwamba yuko pamoja na watu wanaomjali. Ninapoketi na mwanafunzi aliyekata tamaa, huanza kwa kuuliza ni lipi kati ya hayo matatu limekosekana. Kijana anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, ambaye muhula mzima hajui hata ukoo wa anayeketi kando yake darasani, mara nyingi hujiita mvivu ilhali kinachomsumbua ni upweke. Binti aliyelazimishwa na familia kuchukua somo fulani hujiita mzito wa kichwa, ilhali hajawahi kupewa nafasi ya kulikubali somo hilo kwa hiari yake. Ukilipa tatizo jina lisilo lake, utatumia dawa isiyolifaa.

Niseme mapema jambo litakalojirudia katika ukurasa huu, kwa kuwa ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote: mwalimu mtarajiwa hupata ari anapoanza kufundisha, na hana haja ya kusubiri mwaka wa tatu wala cheti ili aanze.

Mimi sikuchagua ualimu. Alama zangu ndizo zilizonileta huku. Je, ninaweza kuupenda?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kabisa. Anayelileta alitaka kusomea sheria, uuguzi au uhandisi, na alipofungua matokeo ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, akakuta ameitwa kusomea elimu. Jamaa zake wakampongeza. Yeye mwenyewe akafika chuoni akiwa na huzuni asiyothubutu kuionyesha, kwa kuwa nyumbani kuna waliouza mahindi na ng'ombe ili afike.

Kwanza, usidharau ulikofika. Ili uingie katika shahada ya elimu kwa ajili ya kufundisha shule ya upili, ulihitaji angalau C+ kwa jumla na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili utakayofundisha. Hapo si mahali pa mabaki, hata kama kuna watu wanaozungumza hivyo.

Pili, wazee watakuambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Ninaikubali methali hiyo nusu. Asiyechagua jembe bado ana haki ya kujua shamba analolima ni la nani na linaota nini. Kwa hiyo simwambii mwanafunzi ajilazimishe kuupenda ualimu. Humwomba aujaribu muhula mmoja kwa namna ambayo ukumbi wa mihadhara haumpi. Amsaidie mtoto wa jirani kazi za nyumbani mara mbili kwa juma. Afundishe kikundi cha watoto kanisani au msikitini. Ajitolee katika maktaba ya shule ya msingi iliyo karibu na kwao. Mwisho wa muhula aandike kwa uaminifu alichohisi. Nimewaona waliogundua kwamba kumbe wana kipawa, na nimemwona mmoja aliyegundua kwamba hapana, hawezi, akaenda kwingine akiwa na amani. Vyuo vingi huruhusu maombi ya kuhama kozi mapema katika mwaka wa kwanza, kwa masharti yake, hivyo usisubiri mwaka wa tatu ndipo ulitamke.

Tatu, sababu ya kusoma si lazima iwe kubwa ili iwe ya kweli. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka wa 2003, mzee Kimani Maruge wa Eldoret alijipeleka Shule ya Msingi ya Kapkenduywo Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, akaketi na watoto wa darasa la kwanza akiwa amevaa sare. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Hakuna aliyempangia sababu hiyo. Yako pia inaweza kuwa jambo dogo hivyo, mradi iwe yako.

Ninajua ninachopaswa kufanya, lakini nashindwa kuanza. Nifanyeje?

Punguza umbali ulio kati ya nia na tendo. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba mtu anayepanga ni lini, wapi na jinsi gani atalitenda jambo hulitimiza mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu kwamba amekusudia kulitenda. "Nitasoma zaidi wiki hii" ni nia ambayo haina mguu wa kutembelea. Afadhali useme: "Nikimaliza chakula cha jioni Jumanne, nitakwenda kwenye meza iliyo karibu na dirisha maktabani, na nitaandika aya ya kwanza ya insha ya Falsafa ya Elimu." Aya moja tu. Ukishaandika ya kwanza, ya pili huwa si adui tena.

Weka pia mpango wa siku mbaya. Huku kwetu umeme hukatika, hasa mvua kubwa inaponyesha jioni, na kwa wengi kukatika kwa umeme huwa ruhusa ya kulala. Panga kwamba taa zikizimika utamweleza mwenzako wa chumbani, kwa mdomo na bila daftari, ulichojifunza siku hiyo. Giza halizuii mtu kufundisha.

Ninasoma kwa saa nyingi lakini nasahau, na hilo linanivunja moyo.

Yawezekana unasoma kwa njia inayokudanganya. Kurudia kusoma daftari mara nne hukupa hisia kwamba umelielewa, kwa sababu maneno yanazoeleka machoni. Mwaka wa 2006, watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma tena na tena, wengine wakavisoma kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa dakika chache baadaye, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa wamehifadhi mengi zaidi.

Mwanafunzi wa ualimu ana bahati hapa, kwa maana kufundisha ni kukumbuka mbele ya watu. Funga daftari, simama, na ujifanye uko mbele ya kidato cha pili. Gawa ubao wa hewani katika sehemu mbili kama ulivyofunzwa, anza na wanachokijua, kisha uende kwa kigeni. Utagundua haraka mahali unapokwama, na hapo ndipo penye kazi ya kesho. Wanafunzi waliojaribu njia hii huniambia kwamba ilichosha zaidi kuliko kusoma kimya. Ni kweli inachosha, lakini ukiamka asubuhi unakuta kitu kimebaki, na hakuna kinachotia moyo kuliko kukuta kitu kimebaki.

Baadhi ya kozi hazina uhai kabisa. Fonolojia na Saikolojia ya Elimu zitanifaa nini darasani?

Nilipokuwa mwaka wa pili niliichukia fonolojia, lile somo la mifumo ya sauti za lugha. Majedwali ya konsonanti, alama za kifonetiki, sheria za mabadiliko ya sauti: nilivikariri vyote ili nifaulu majaribio ya muhula, kisha nikavitupa. Likizo iliyofuata nikawa namsaidia mtoto wa shangazi yangu kule Kondele kuandika imla. Aliandika "sule" badala ya "shule", na "kusaa" badala ya "kuzaa". Nilimsahihisha mara kumi, naye akarudia kosa mara kumi, hadi nikaanza kumkasirikia.

Kisha likanijia, nikiwa nimeshika kalamu nyekundu, kwamba Dholuo, lugha aliyolelewa nayo, haina sauti /sh/ wala /z/. Mtoto hakuwa mzembe wala mkaidi. Sikio lake lilikuwa halijafunzwa kutenganisha "shaka" na "saka", wala "zaa" na "saa", na mimi nilikuwa namwadhibu kwa kutosikia kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Nikaacha imla. Tukacheza mchezo wa kuinua mkono: wa kulia akisikia /z/, wa kushoto akisikia /s/. Alipoanza kuzisikia, kuandika kukafuata. Niliporudi chuoni nililifungua daftari la fonolojia kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

Mwalimu atakayepangiwa kazi Kericho au sehemu za Nakuru atakutana na jambo hilohilo kwa sura nyingine, kwa kuwa katika lugha za Kikalenjin tofauti ya /p/ na /b/, /t/ na /d/, au /k/ na /g/ haibadilishi maana ya neno, hivyo mwanafunzi anaweza kusema "paka" na "baka" bila kuona kuna tatizo. Asiyejua sababu hii humcheka mtoto. Anayeijua humsaidia.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kozi yoyote inayoonekana kavu ni huu: usiisubiri ikuvutie ikiwa ukumbini, ipeleke kwa mtoto. Unaposoma mwanasaikolojia Vygotsky akieleza pengo lililo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akishikwa mkono, tafuta mtoto mmoja wa kweli ulione pengo hilo likiwa usoni pake. Nadharia nyingi za elimu zilizaliwa mbele ya watoto, na zikitenganishwa na watoto hunyauka.

Nina matatizo ya fedha. Nitapataje ari ilhali sijui nitakula nini?

Njaa si upungufu wa ari, na anayekuhubiria ari ukiwa na njaa hajakusaidia. Tatua la tumbo kwanza, kadiri inavyowezekana, na usione haya. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ukichelewa, nenda kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi mapema, kabla hujaanza kukosa mihadhara. Vyuo vingi vina utaratibu wa kazi ndogondogo kwa wanafunzi wenye uhitaji, ingawa nafasi huwa chache. Omba basari ya kaunti na ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge, na utunze nakala za barua zote, maana maombi mengi hukwama kwa kukosa karatasi moja.

Nimeona pia wanafunzi wanne wakichangiana sufuria moja: wananunua mahindi na maharagwe kwa gorogoro siku ya soko pale Luanda au Kibuye, wanapika nyoyo ya siku mbili, na wanapokezana zamu. Gharama hupungua, na bila kukusudia wanapata kikundi cha masomo.

Kuhusu kufundisha kwa malipo, kuwa mwangalifu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo usijiingize katika mipango ya kukusanya watoto shuleni na kuwatoza. Kumsaidia mtoto wa jirani nyumbani kwao, kwa makubaliano na mzazi, ni jambo tofauti.

Walimu waliohitimu wako wengi nyumbani bila ajira. Kwa nini nijitahidi?

Sitakuahidi kazi, na tafadhali usimwamini anayekuahidi. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua katika kifungu cha 237, ina walimu zaidi ya 300,000 kwenye orodha yake ya mishahara. Hata hivyo, shule hulalamikia uhaba wa walimu, na waliohitimu hukaa miaka wakisubiri, kwa sababu uajiri hufuata fedha zilizotengwa katika bajeti. Haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja: darasa halina mwalimu, na mwalimu hana darasa.

Fuatilia mabadiliko ya mfumo wa elimu, kwa maana ndiyo yanayofungua nafasi. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, sekondari msingi zilihitaji walimu wengi kwa ghafla, na sehemu kubwa ya walioingia waliajiriwa kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wanagenzi hao walipigania haki yao mitaani na mahakamani, na Januari 2025 wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Njia ile ilikuwa na maumivu, nami siisifu. Ninaitaja kwa sababu waliokuwa wamesajiliwa na tume, wenye vyeti vyao vyote katika bahasha moja, ndio waliowahi mlango ulipofunguka. Jisajili mara tu unapohitimu. Kisheria huruhusiwi kufundisha bila usajili.

Zaidi ya hayo, ari inayotegemea barua ya ajira peke yake huwa mateka wa bajeti ya taifa. Jiulize ujuzi gani utabaki mikononi mwako hata barua ikichelewa. Mtu anayeweza kueleza jambo gumu likaeleweka, kuliongoza kundi la vijana arobaini, na kuandika andalio la somo lenye lengo linalopimika, ana kitu ambacho shule za kibinafsi, bodi za shule na mashirika ya kijamii hukihitaji. Malipo ya walimu wa bodi mara nyingi ni madogo, na kuna wanaocheleweshewa. Sisemi uridhike. Nasema usiuache ujuzi uchakae wakati unadai haki yako.

Nilivuruga somo mbele ya mtathmini wakati wa mazoezi ya kufundisha. Je, hii ni ishara kwamba sifai?

Nitakujibu kwa yaliyonipata. Nilifanyia mazoezi yangu katika shule moja ya milimani, kidato cha pili, wanafunzi sitini na wawili katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini. Mada ilikuwa virejeshi, vile viambishi kama -o- na -ye- vinavyomrejelea anayetajwa. Azimio la kazi lilikuwa limepangika, andalio la somo limeandikwa kwa wino wa rangi mbili, chati iko ukutani. Mtathmini aliketi nyuma, karibu na mlango.

Dakika kama ishirini hivi ndani ya kipindi, msichana wa safu ya tatu akainua mkono. "Mwalimu, mbona hatuwezi kusema 'watu ambao wanaocheza'? Nyumbani kila mtu husema hivyo." Lilikuwa swali zuri kuliko chati yangu yote. Nami sikuwa na jibu. Nikasema, "Ndivyo kanuni ilivyo," nikageukia ubao. Darasa likanyamaza, ule unyamavu ambao mwalimu huusikia mgongoni. Mtathmini aliandika kwamba andalio lilikuwa zuri na kwamba mwalimu alilikimbia swali la mwanafunzi. Alikuwa sahihi.

Jioni ile nilitembea kwenye barabara ya murram hadi chumbani kwangu nikitunga barua ya kuacha chuo. Aliyenirudisha ni mwalimu mzee wa idara, ambaye nilikuwa nimekabidhiwa kwake. Alikuwa akiniita "mwalimu" tangu siku ya kwanza, wakati ambapo hata mimi mwenyewe nililionea neno hilo aibu. Aliniambia: "Mwalimu, kesho waambie ulikuwa huna jibu, kisha uwape." Usiku nikafungua vitabu. Asubuhi nikasimama nikawaambia kwamba jana sikujua, na kwamba leo ninajua: katika "ambao", kirejeshi -o tayari kimo, na katika "wanaocheza" kimo tena, hivyo anayesema "watu ambao wanaocheza" anaubeba mzigo mmoja mara mbili. Achague: "watu ambao wanacheza" au "watu wanaocheza". Yule msichana akaandika, akapiga mstari chini yake. Kuanzia siku hiyo darasa lile liliniuliza maswali bila woga, na nikawa ninayatazamia.

Albert Bandura, aliyeandika mwaka wa 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kulifanya jambo likafaulu, kumwona mtu anayefanana nawe akilifanya, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na jinsi unavyoitafsiri hali ya mwili wako. Kwa maneno ya mazoezi ya kufundisha: rudi darasani upesi, kabla hofu haijakaa, omba kukaa katika kipindi cha mwanafunzi mwenzako, wala si cha mwalimu mwenye uzoefu wa miaka thelathini peke yake, mtafute mmoja atakayekuambia ukweli kwa upole, na ujue kwamba moyo kudunda mlangoni mwa darasa ni dalili ya kulijali darasa. Wangu bado hudunda kila mwanzo wa muhula.

Je, nijitunze kwa zawadi kila ninapotimiza lengo?

Kwa kiasi. Mwaka wa 1971 Deci alichapisha jaribio ambapo wanafunzi wa chuo waliokuwa wakifumbua mafumbo ya kupanga vipande walilipwa kwa kila fumbo. Malipo yalipokoma, muda wa hiari walioutumia kwa mafumbo hayo ulipungua. Wahenga wetu waliliona kwa upande wa sifa: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Soda baridi baada ya kumaliza insha haidhuru. Lakini ukiona huwezi kufungua kitabu bila kujiahidi kitu, zawadi imechukua nafasi ya somo.

Kuna mwalimu wa huku kwetu ninayeweza kumtazama kama mfano?

Yuko. Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na sayansi, alitunukiwa tuzo ya dunia ya ualimu huko Dubai mwaka wa 2019, pamoja na dola milioni moja za Marekani. Alikuwa akifundisha Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, Kaunti ya Nakuru. Wakati huo shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu, wengi wa wanafunzi walitoka katika familia maskini, na yeye alikuwa akitoa asilimia 80 ya mapato yake kuwasaidia. Alianzisha chama cha kukuza vipawa na akawaongoza wanafunzi katika mashindano ya sayansi.

Ninapenda kumtaja kwa sababu moja mahususi: shule yake haikuwa na jina wala vifaa, na darasa lile lingeweza kuwa lako. Ila usiligeuze jina lake kuwa fimbo ya kujichapa. Yeye ni mtawa asiye na watoto wa kulea. Wewe huenda una ndugu watatu wanaongoja karo. Wala asitokee mtu wa kukuambia kwamba mwalimu mwema hadai mshahara, kwa hoja kwamba kuna aliyetoa wake. Kujitolea ni kwa anayejitolea kuamua.

Wenzangu wanaosomea udaktari na uhandisi huidharau kozi yangu.

Walifunzwa na nani? Waulize kwa upole, kisha uendelee na kazi.

Simu inanimalizia muda. Nifanyeje?

Iweke mbali na mkono. Kuizima tu hakutoshi. Ukihitaji makala, ipakue mchana ukiwa kwenye mtandao wa chuo, kisha usome jioni bila bando.

Nitajuaje kwamba huu ni uchovu wa kawaida, wala si jambo zito zaidi?

Uchovu wa kawaida hupungua ukilala na kula. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili hulali au unalala kupita kiasi, huoni raha katika lolote ulilolifurahia zamani, unajitenga na watu, au unafikiria kujidhuru, hilo halitatuliwi kwa ratiba mpya. Mwone mshauri wa chuo au mhudumu wa afya, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yamekujia, usingoje hata siku moja, wala usikae peke yako. Nimewahi kumsindikiza mwanafunzi hadi zahanati na kuketi naye kwenye foleni. Ningefanya hivyo tena kwa mwingine yeyote.

Nianzie wapi wiki hii?

Tafuta mtoto mmoja: mdogo wako, binamu, au mtoto wa mama anayekuuzia mboga. Mwombe akuonyeshe jambo moja linalomtatiza shuleni. Kaa naye dakika thelathini. Usihutubu, mwache akueleze anavyolifikiria, kwa maana kosa la mtoto huwa na njia iliyolifikisha pale. Kisha andika, kabla hujalala, swali moja aliloliuliza ambalo hukuweza kulijibu. Jumatatu, utakapoingia maktabani, fungua ukurasa wa swali hilo kwanza.